UZI: Chumba cha faragha nyumbani, Mombasa: upepo uingie, kelele zibaki nje

MwanaMvita (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum jamani. Uzi huu ni wa chumba kimoja ndani ya nyumba ambacho mtu ataingia kuswali, kusoma, kushona, kunyamaza au kujinyoosha mchana, na watu wa nyumbani wajue kuwa hapo hasumbuliwi.

Picha nyingi zinazosambaa ni za nchi za baridi: zulia zito ukuta hadi ukuta, pazia la mahameli, dirisha limefungwa, mishumaa. Ukiyaleta hayo Mombasa utapata tanuri lenye ukungu. Ugumu wetu ni mwengine, na mambo yote yanauzunguka: upepo na kelele zapita njia moja. Ukifungua dirisha upate hewa, zaingia honi za matatu, tuktuk na spika za harusi. Ukilifunga upate kimya, chumba chageuka jiko. Kwa hivyo mpango uende hivi: hewa kwanza, sauti ya pili, unyevu wa tatu, kisha nuru. Mito na rangi ni za mwisho kabisa.

Kuchagua chumba. Kusi lavuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Kaskazi latoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Zote mbili zina mashariki ndani yake, na bahari iko upande huo huo. Chumba chenye dirisha la mashariki chapata hewa karibu mwaka mzima, na jua lake ni la asubuhi tu. Chumba cha magharibi kikwepeni kama mna hiari. Ukuta wake wapigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi machweo, na ukuta wa mawe huhifadhi joto lile ukalitoa usiku, saa ile ile mtu ataka kupumzika.

Ukubwa usiwatie hofu. Futi 7 kwa 8 zamtosha mtu mmoja. Msala wachukua kama sm 70 kwa 120, kiti chenye kiegemeo cha miguu sm 80 kwa 150. Kinachokula nafasi ni mlango unaofungukia ndani, basi geuzeni bawaba ufungukie nje, au wekeni wa kuteleza ikiwa kelele za ndani ya nyumba si nyingi (mlango wa kuteleza hauzibi vizuri).

Na kwa wanaopanga mahali pa kuswali: kutoka Mombasa kibla ni kaskazini karibu kamili, hakuzidi nusu digrii kuelekea mashariki, kwa sababu Makka iko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo na sisi. Ukipima kwa dira ya simu simama mbali na grili za dirisha na spika, vyuma na sumaku vyaipotosha. Tafuteni kibla kabla ya kupanga kabati, si baada.

---

Upepo_wa_Kusi

Shukran kwa kuanza na hewa. Naongeza vipimo.

Upepo hauingii chumba ambacho hauna pa kutokea. Dirisha moja kubwa na mlango uliofungwa ni sawa na chupa. Kunahitajika tundu la pili upande wa pili, lenye eneo sawa na la kuingilia au kubwa kuliko hilo. Kama hakuna ukuta wa pili wa nje, tundu liwe juu ya mlango: sm 25 kwa upana wote wa fremu, likiwa na luva (vibao vya mlalo vinavyopitisha hewa). Hewa moto hupanda, kwa hivyo la kuingilia likiwa chini na la kutokea likiwa juu, hewa hutembea hata siku ambayo upepo umelala.

Aina ya dirisha hubadilisha hesabu. La kuteleza hufunguka nusu tu. La bawaba hufunguka lote. La luva za kioo hufunguka karibu lote lakini halizibi sauti hata kidogo, kwa sababu kila kioo kina mwanya wake. Wavu wa mbu nao hukata upepo kwa kiasi kikubwa, na ukishika vumbi hukata zaidi. Usioshwe mara moja kwa mwaka. Kila mwezi, kwa brashi na maji ya sabuni.

Kivuli: tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita kaskazini mwetu mwezi wa Juni na kusini mwetu Desemba. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini linataka upenu wa sm 65 ili jua la adhuhuri lisiguse kioo wakati wowote wa mwaka. La kusini linatosheka na sm 45. Magharibi na mashariki upenu hausaidii, kwa sababu jua liko chini na linaingia kwa mlalo. Pale weka shata za mbao zenye vibao au chiki ya mianzi, na iwe nje ya kioo. Pazia la ndani likishapata jua, joto limeshaingia chumbani na halina njia ya kurudi.

---

Mpangaji_Tudor

Swali kwa mafundi. Chumba futi 9 kwa 10, ghorofa ya kwanza, dirisha moja la kuteleza linalotazama barabara, ukuta mmoja umepakana na jirani na televisheni yake. Nyumba ni ya kupanga, hakuna ruhusa ya kuvunja wala kutoboa ukuta. Lipi lawezekana?

---

Seremala_Likoni

Kuna mawili hapo na dawa zake ni mbali mbali.

La dirisha: tengenezeni sanduku la hewa. Ni sanduku la plaiwudi ya mm 18, upana sawa na ile nusu ya dirisha inayofunguka, kimo sawa na dirisha, kina sm 20. Upande wa nje lina tundu chini, upande wa ndani lina tundu juu, kila moja kimo cha sm 15 kwa upana wote. Ndani bandika pamba ya mawe (ile ya nyuzi za mawe, yauzwa kwa kuzuia sauti na joto) ya mm 25 pande zote mbili, uifunike kwa kitambaa chepesi ili nyuzi zisipeperuke. Hewa yapinda mara mbili na kupita. Sauti yagonga pamba kila inapopinda. Sanduku lasimama kwenye kizingiti cha dirisha na kukazwa kwa kabari za mbao, bila hata tundu moja la skrubu. Siku ya kuhama walibeba.

Hukosewa pawili. Kwanza, watu hubana njia ya hewa ili wapate kimya zaidi. Ikifika sm 5 hakuna kinachopita, mtu hulitoa sanduku wiki ya pili. Ndani baada ya pamba ibaki sm 11 au zaidi. Pili, huacha mwanya pembeni. Mwanya wa upana wa kidole waweza kuharibu kazi yote, basi zungushia mpira wa kuzibia mlango kingo zote nne. Na msitie sponji ya magodoro mahali pa pamba ya mawe: hushika moto upesi.

La jirani: mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa aweke kabati kubwa la nguo lililojaa dhidi ya ukuta ule, aache sm 5 nyuma yake. Nguo nyingi ni uzito, na uzito ndio unaozuia sauti. Trei za mayai jamani ziachwe. Hazizuii sauti ya jirani, hupunguza mwangwi kidogo tu ndani ya chumba, na ni karatasi kavu zinazosubiri cheche.

Kwa mwenye nyumba yake: ukuta wa pili, usiogusa wa kwanza. Fremu ya mbao au ya bati iache sm 2 kutoka ukuta wa zamani, ijazwe pamba ya mawe ya sm 5, juu yake jipsamu ya mm 12 tabaka mbili, viungo vya tabaka la pili visiangukie vya la kwanza. Chini na juu ya fremu pita ukanda wa mpira. Mwanya wa pembeni zibeni kwa silikoni, si kwa simiti nyeupe; simiti hupasuka na sauti hupenya palepale. Uzito ukiongezwa mara mbili peke yake hupunguza takriban desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha sauti); pengo na pamba ndivyo vinavyoleta faida.

---

MwanaMvita

Seremala, na wale wenye nyumba za mabati? Malalamiko mengi ya sauti hayatoki ukutani.

---

Seremala_Likoni

Umegusa penyewe. Katika nyumba nyingi za mabati kuta za ndani zaishia kwenye dari. Juu ya dari ni uwazi mmoja kutoka sebuleni hadi jikoni. Mtu ajaza pamba ukutani, anunua mlango mzito, na bado asikia kila neno la sebuleni, kwa sababu sauti yapanda juu ya ukuta na kushuka upande wa pili. Kabla ya kununua chochote panda ngazi, ingiza kichwa na tochi kwenye tundu la dari, utazame. Kama ukuta haufiki mabatini, jenga kwa tofali la inchi 4 hadi juu ikiwa msingi wabeba, au piga jipsamu mbili kwenye fremu. Acheni nafasi ya hewa ya paa itoke kwenye upenu, si kupitia chumba cha jirani.

Mlango: ule mwepesi wa flashi una karatasi ya sega ndani yake, ukiugonga walia kama ngoma. Tafuta wa mbao nzito, mm 45. Mvule, mkangazi au mbambakofi. Usipake rangi pande mbili ukasahau kingo za juu na chini. Unyevu waingia hapo, mlango wavimba, na masika yakifika haufungi.

---

Upepo_wa_Kusi

Ila msiwaahidi watu makubwa. Sanduku la hewa na ukuta wa pili hukata sana sauti nyembamba: honi, mazungumzo, vyombo. Besi ya spika za shereheni hupita, kwa sababu inatikisa jengo lenyewe. Kama kelele kuu ni besi, bora kuhamishia chumba upande wa ua kuliko kuongeza tabaka la tatu. Nyumba nyingi za kale za mawe zilijua hili: vyumba vya faragha havikutazama njia, vilitazama uani, na ukuta wa barabarani ulikuwa mnene kiasi cha sm 45 au 60 wenye matundu madogo juu.

---

Fundi_Chokaa

Ikiwa mnazungumza nyumba za mawe ya korali basi unyevu usipitwe haraka, maana ndio huharibu chumba baada ya miezi sita, mwenye nyumba akabaki kulaumu rangi.

Kwanza jua maji yatoka wapi. Kata karatasi ya nailoni sm 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni unyevu wa hewa: dawa yake ni upepo. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yapanda kutoka ardhini au yaingia kwa nje, na hapo feni haitasaidia.

Maji yanayopanda hubeba chumvi. Yakifika juu ya ukuta yakauka, chumvi hubaki na kutanuka, nayo ndiyo inayofanya rangi kububujika na plasta kumeguka kama unga, kwa kawaida chini ya kimo cha mita moja. Makosa ya kila siku ni kupiga plasta ya simiti juu yake na rangi ya mafuta. Simiti na mafuta hufunga pumzi ya ukuta, maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwaka wa pili doa limefika kifuani.

Njia sahihi: bomoa plasta ya simiti hadi nusu mita juu ya doa. Fagia chumvi kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Acha ukuta wazi ukauke wiki kadhaa, na ukiweza fanya hivyo wakati wa kaskazi, usianze masika. Kisha plasta ya chokaa: chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mto, usiwe wa ufuoni kwa sababu una chumvi yake mwenyewe. Loweka chokaa usiku kucha iwe laini. Kila tabaka lisizidi mm 12, lilowanishwe kidogo asubuhi na jioni kwa siku tatu nne lisikauke mbio likapasuka. Mwisho chokaa nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano, siku moja kati ya mkono na mkono, ukuta uwe na unyevunyevu kila unapopaka. Ukiipaka nzito mkono mmoja itamwagika unga kwenye nguo za kila anayeegemea. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza jicho vibaya.

Ukungu mweusi uliopo tayari: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe kiasi 1 kwa maji 10, paka, acha robo saa, futa, dirisha wazi. Usichanganye kamwe na dawa ya choo, hutoa hewa ya sumu.

Kwa walio Mji wa Kale: ni eneo la hifadhi, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kutoboa dirisha jipya au kubadilisha uso wa nyumba kunahitaji idhini. Kazi ya ndani ya chokaa na madaka (vishubaka vya ukutani) haileti ugomvi mwingi, lakini ulizeni kwanza.

---

Mpangaji_Tudor

Je, mwenye nyumba akitaka kufunika ukuta wenye chumvi kwa ile jipsamu ya Seremala?

---

Fundi_Chokaa

Hapana. Jipsamu yafyonza maji kama mkate, na nyuma yake patakuwa bustani ya ukungu usiyoiona ila kwa harufu. Tibu ukuta, uhakikishe kwa ile nailoni, ndipo Seremala aje.

---

Bi_Ukindu

Mie nije kwenye kukalia. Kwa joto letu mkeka wa ukindu juu ya sakafu ya vigae au terazo hauna mfano: hewa yapita, wafutwa, waanikwa. Zulia la kubandikwa lashika unyevu na vumbi na haliondoki. Mtu akitaka ulaini wa mguu atandike busati dogo juu ya mkeka, alitoe juani kila wiki.

Godoro la usufi la sm 10 kwa upana wa 75 na urefu wa 190 lafaa kukaa na kulala, ila lisilale sakafuni moja kwa moja. Chini yake hutoa jasho na kuota ukungu. Lifanyie jukwaa la vibao lenye mianya ya sm 2 au 3, kimo sm 40 kama watu wazima watakaa, sm 15 ikiwa ni kukunja miguu tu. Kitanda cha kamba chashinda yote kwa hewa, ila kamba zikazwe kila zinapolegea, la sivyo mgongo utalalamika. Usufi huanikwa mara mbili kwa mwezi na kupigwa. Foronya ziwe pamba tupu. Poliesta yang'aa dukani na kuunguza mgongo mchana. Biashara Street kuna vitambaa vya pamba vya kila namna, na leso mbili zilizoshonwa pamoja ni foronya nzuri ya takia.

Madaka: kwenye ukuta mnene wa kale chonga kina cha sm 20, kimo cha sm 60 hadi 90 kutoka sakafuni, ili aliyekaa chini afikie msahafu au kitabu bila kuinuka. Ukuta wa tofali la inchi 6 usichongwe. Hapo jenga rafu ya mbao, iache sm 5 nyuma, maana vitabu vinavyogusa ukuta ndivyo vya kwanza kuota. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hutoa machozi mekundu ukutani kwa hewa ya bahari.

---

Stima_Salama

Feni na taa, kwa ufupi. Feni ya dari ya mm 1200 yatosha chumba hadi mita 12 za mraba. Mapanga yawe mita 2.1 au zaidi kutoka sakafuni, na ndoano yake ishike boriti au zege. Isitundikwe kwenye jipsamu. Feni inayolia "tik-tik" kwa kawaida ina panga lililopinda au skrubu iliyolegea, na sauti hiyo ndogo humchosha msomaji kuliko honi.

Taa isiwe juu ya mapanga. Kila panga likipita hukata mwanga, chumba chote kinapepesa, kichwa kinauma. Wekeni taa ya ukutani nyuma ya bega la msomaji, balbu ya LED ya lumeni 450 hivi, 2700K, rangi ya manjano. Taa ya pili hafifu, swichi yake tofauti, ifikiwe mtu akiwa ameketi. Waya wa mm za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na waya wa ardhi (erthi) uunganishwe kweli. Soketi za chumba hiki na za jirani zisitazamane mgongo kwa mgongo ukutani, huwa tundu la sauti. Soketi ya kuchajia simu ningeiweka nje ya mlango.

---

Mkaazi_wa_Bamburi

Mnazunguka mno. Kiyoyozi kimoja, dirisha lafungwa, kelele kwisha.

---

Upepo_wa_Kusi

Ni njia halali, hasa kwa chumba cha barabarani kabisa. BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kiyoyozi) zinatosha mita 12 za mraba ikiwa ukuta wa magharibi una kivuli. Lakini weka hesabu kamili. Mashine ya nje huliwa na chumvi, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara na isitazame bahari moja kwa moja. Bomba la maji liwe na mteremko mfululizo, likipinda juu mahali pamoja maji hurudi chumbani. Weka digrii 25 au 26. Ukishusha hadi 18, mlango ukifunguliwa hewa yenye unyevu hugusa kuta baridi na maji hutona juu yake. Ukungu huanza nyuma ya kabati. Na hewa ni ile ile inayozungushwa, kwa hivyo tundu la juu ya mlango lifunguliwe kila baada ya saa moja au mbili. Stima ikikatika, mwenye sanduku la hewa bado ana chumba.

---

Bi_Ukindu

Na udi, nimesahau. Makaa ya chetezo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Chumba hiki kimeundwa kizibwe, basi fukiza madirisha wazi, kisha chetezo kitoke nje kabla ya kufunga. Asilale mtu na chetezo ndani, hata makaa yakionekana yamezima. Asumini kwenye sinia yatosha usiku. Na penye harufu ya ukungu usifukizie juu yake. Mwite Fundi Chokaa.

---

Mpangaji_Tudor

Ahsanteni sana. Mwenye kuanza leo ajuaje sanduku na mlango vimeziba kabla hajapaka rangi?

---

Seremala_Likoni

Ngoja usiku. Zima taa za chumbani, funga mlango, mtu mmoja abaki ndani gizani. Wa pili asimame nje na tochi kali, aipitishe polepole kwenye kingo zote za mlango, chini hadi juu, kisha kwenye dirisha kuzunguka sanduku. Wa ndani aweke alama ya chaki kila paonekanapo mwanga. Palipopita mwanga sauti nayo yapita. Zibeni, rudieni, na alama za chaki ziishe ndipo kopo la rangi lifunguliwe.

Upande wa hewa, fukizeni ubani kidogo kando ya tundu la kuingilia, feni ikiwa imezimwa. Moshi uingie na utoke juu ya mlango. Ukizunguka hapo hapo bila kwenda popote, lipanueni lile tundu la juu kwanza.